Kiongozi Anaposhika Kalamu: Uhakiki wa Safu za Maoni za Viongozi wa Umma

Siku hizi ni jambo la kawaida kukuta katika magazeti yetu, na hasa katika magazeti ya mtandaoni yanayohudumia mkoa au wilaya moja, makala ya maoni yenye sahihi ya mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mbunge au meneja wa shirika la umma. Makala hizi huwekwa palepale zinapowekwa makala za waandishi na za wananchi wengine, kwa herufi zilezile, na picha ya mwandishi pembeni. Wako makada wanaozifurahia, wakisema kwamba kiongozi ameshuka kwa watu. Wako wanaozibeza, wakisema kwamba ni matangazo yaliyovishwa nguo ya fikra. Pande zote mbili zinajadili tabia ya mtu anayeandika, kana kwamba jambo zima ni unyenyekevu wake au majivuno yake. Katika makala hii tunakusudia kulitazama jambo lenyewe kama tendo la kisiasa, na kuuliza swali ambalo kada yeyote hapana budi aliulize mbele ya andiko lolote: linamtumikia nani, na linamwezesha msomaji kufanya nini baada ya kulisoma?

Tuanze kwa kuondoa swali lisilo swali. Kwamba kiongozi ana haki ya kuandika, na kwamba wakati mwingine ni wajibu wake kuandika, si jambo la kubishaniwa. Chama kilichojengwa kwa vijitabu, barua na hotuba hakiwezi kugeuka leo kikasema kwamba kalamu ni kazi ya waandishi wa habari peke yao. Wanaodai kwamba kiongozi akae kimya ofisini na kumwachia msemaji wake kila kitu, wanatetea urasimu bila kujua. Mrasimu hupenda kimya. Kinachotuhusu ni masharti ambayo chini yake kiongozi anaandika, na masharti hayo hayakuwa mamoja nyakati zote.

Mtumishi wa serikali aliyeandika gazetini ni mtu wa zamani katika nchi yetu kuliko wengi wanavyodhani. Gazeti la Kiongozi, lililotolewa Tanga kuanzia mwaka 1904 chini ya utawala wa Wajerumani, lilijaa habari za miji zilizoletwa na walimu na makarani waliosomeshwa na serikali hiyohiyo. Baadaye Waingereza walianzisha Mambo Leo, mwaka 1923, gazeti la Idara ya Elimu. Humo afisa alimweleza mwananchi namna ya kulima na namna ya kumlea mtoto. Hatusemi kwamba mawaidha yale yote yalikuwa mabaya. Mengine yalikuwa na faida. Lakini uhusiano ulikuwa wa upande mmoja: mkubwa anasema, mdogo anaelimishwa. Mwananchi angeweza kuleta shairi au salamu, hakuweza kumuuliza afisa kwa nini kodi ya kichwa imepanda. Mbegu ya makala nyingi tunazozisoma leo ilipandwa hapo, ingawa waandishi wake hawaijui asili yake.

Kalamu ya TANU ilizaliwa katika hali iliyo kinyume kabisa. Mwalimu Nyerere alipokuwa akiandika katika Sauti ya TANU miaka ya 1957 na 1958, hakuwa na polisi, hakuwa na bajeti, hakuwa na ofisi ya serikali. Mwaka 1958 aliwashutumu Wakuu wa Wilaya wawili katika kijarida hicho, akashtakiwa kwa kashfa, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ililipwa. Funzo la kesi hiyo kwa somo letu ni dogo na la wazi. Aliyeandika ndiye aliyebeba hatari, na walioandikwa ndio waliokuwa na madaraka. Leo mara nyingi mambo yamepinduka: anayeandika ndiye mwenye madaraka, na hatari huwa juu ya atakayemjibu.

Basi uhuru ulipopatikana swali likawa jipya: kalamu ya mwasi inageukaje kuwa kalamu ya mtawala bila kugeuka Mambo Leo? Jibu la kwanza lilikuja mapema. Mwalimu alijiuzulu Uwaziri Mkuu Januari 1962 ili akijenge Chama, na katika mwaka huohuo akaandika kijitabu kidogo kiitwacho Tujisahihishe. Makada wengi wamelisikia jina lake na wachache wamekisoma. Shabaha ya kijitabu kile ni wanachama na viongozi wenyewe: tabia ya kuyapima maneno kwa kumtazama aliyeyasema badala ya kuyatazama maneno, tabia ya kunong'ona barazani jambo ambalo mtu hakulisema kikaoni, tabia ya kuuogopa ukweli kwa sababu aliyeusema ni mdogo. Ni andiko la kiongozi linalompa mwanachama wa chini ruhusa, na zaidi ya ruhusa, hoja, ya kumkosoa aliye juu. Ukikisoma mbele ya mwenyekiti wa tawi lako, mwenyekiti ndiye atakayetoka jasho.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, na ndio unaotupa kipimo. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 uliandikwa na viongozi. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi ubwana, dharau na uonevu. Maneno ya namna hiyo yameandikwa katika nchi nyingi na kuishia kabatini. Yaliyotokea hapa ni kwamba wafanyakazi wa viwanda waliyachukua. Katika migomo ya miaka ya 1971 hadi 1973 walikitaja kifungu hicho kwa namba mbele ya mameneja wao. Wengine waliwafungia mameneja nje ya lango. Serikali haikupendezwa na kila kilichofanywa, na migomo ile ilikomeshwa. Hata hivyo, jambo limekwisha kuthibitika: andiko la viongozi lilitoka mikononi mwao likawa mali ya wafanyakazi, nao wakalitumia kudai jambo ambalo waandishi wake hawakulitarajia kwa kiasi hicho.

Kwa maoni yetu hicho ndicho kipimo. Thamani ya makala ya kiongozi ni kwa kadiri inavyompa mwananchi kitu cha kumshikia kiongozi huyo. Makala iliyoandikwa kwa lugha tamu, yenye methali tatu na shukrani nne, lakini isiyo na hata sentensi moja ambayo mwanakijiji anaweza kuikata na kwenda nayo kwenye mkutano wa kijiji na kusema «uliandika hivi, mbona iko vile», makala hiyo haikuandikwa kwa ajili yake.

Tukiwa na kipimo hiki, tuitazame makala yenyewe ya wilayani kama ilivyo kawaida yake. Hatutaji mtu, kwa kuwa tatizo ni la aina nzima ya maandishi. Aya ya kwanza humshukuru Mungu, kisha Rais, kisha mkuu wa mkoa. Aya ya pili hutaja fedha: mamilioni kadhaa kwa madarasa, mamilioni kadhaa kwa zahanati. Aya ya tatu hutaja «changamoto». Aya ya nne huwaasa wananchi watunze miundombinu na wadumishe amani. Makala ikaisha, mwandishi akataja cheo chake.

Angalia sarufi yake, maana siasa ya makala hizi imo ndani ya sarufi. Fedha «zimeletwa», na msomaji hasomi popote kwamba ni kodi yake iliyokwenda ikarudi. Madarasa «yamejengwa», na mtu haambiwi ni mafundi gani, kwa zabuni gani, na wanakijiji walichangia siku ngapi za kusomba mawe na mchanga. Lakini inapofika aya ya makosa, mtendaji anapotea kabisa: changamoto «zilijitokeza», mradi «ulichelewa», dawa «zilipungua». Katika aya ya mafanikio serikali ni mtu mwenye jina. Katika aya ya upungufu hakuna mtu, ziko hali tu, kama mvua na ukame. Kisha, katika aya ya mwisho, mwananchi anaingia kwa mara ya kwanza, naye anaingia ili aaswe. Neno hili «changamoto» lingestahili makala yake peke yake. Limekuwa shimo ambamo upungufu, uzembe, wizi na bahati mbaya hutupwa pamoja na kufukiwa.

Atasema mtu kwamba hilo ni kosa la uandishi tu, na kwamba semina moja ya maafisa habari ingelirekebisha. Hapana. Lugha hiyo ina msingi wake wa kiuchumi na wa kimadaraka, na bila kuutazama msingi huo tutabaki tukisahihisha koma.

Mwenye gazeti dogo la mtandaoni ni nani? Mara nyingi ni kijana mmoja au wawili wenye kamera, simu na kompyuta moja. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka awe na leseni, kwa ada ya shilingi 1,000,000 juu ya ada ya maombi ya shilingi 100,000. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, lakini leseni imebaki, na yuko anayeitoa na anayeweza kuichukua. Mapato yake ni matangazo. Katika wilaya isiyo na kiwanda wala benki nyingi, mteja mkubwa wa matangazo ni nani kama si halmashauri na taasisi za serikali? Usafiri wa kwenda kuutazama mradi mara nyingi ni gari la halmashauri. Sasa kijana huyo anapokea makala kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya au ya mkurugenzi. Je, anayo nafasi ya kumwambia mwandishi huyu kwamba aya ya pili haina ushahidi, aiandike upya? Mhariri humrudishia makala mwalimu wa sekondari bila kusita. Huyu hatamrudishia. Uhariri, ambao ndio unaotofautisha gazeti na ubao wa matangazo, unasimama mlangoni mwa cheo.

Tena tusisahau mwandishi huyu ana nini kingine mkononi. Mkuu wa wilaya ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa yeye, kama ilivyompa mkuu wa mkoa, uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48 endapo anaona kuna hatari kwa amani. Sheria iliweka masharti, na uwezo huo umelalamikiwa mara nyingi kwamba unatumika nje ya masharti hayo. Hatuingii hapa katika mjadala wa kama uwezo huo ubaki au ufutwe. Tunasema tu kwamba ni lazima uhesabiwe tunapozungumza juu ya «mjadala» gazetini. Mabishano ya fikra kati ya watu wawili ambao mmoja wao anaweza kumlaza mwenzake mahabusu siku mbili si mabishano ya watu sawa, hata kama majina yao yamechapwa kwa herufi za ukubwa mmoja. Kumwambia mwananchi «nawe andika, gazeti liko wazi» bila kulitaja jambo hili ni dhihaka.

Kwa mkurugenzi wa halmashauri kuna jambo la ziada. Yeye ni mtumishi wa umma, si mwanasiasa, na kwa muda mrefu wakurugenzi wamekuwa ndio wasimamizi wa uchaguzi katika maeneo yao. Jambo hilo lilifikishwa mahakamani. Mei 2019 Mahakama Kuu ililikataa, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikalirudisha. Sheria imesema, na sisi hatuna la kuongeza juu ya hukumu. Lakini kama mtu anaweza kukabidhiwa kazi ya kuhesabu kura za wote, je, inafaa awe na safu ya kila wiki ya kusifu kazi za baadhi? Kada wa Chama anaweza kudhani kwamba hilo linatufaa. Anakosea kwa hesabu fupi. Ushindi unaosimamiwa na mtu ambaye wapinzani wamekwisha kumsoma gazetini akitusifu, ni ushindi tulioupunguzia thamani sisi wenyewe.

Liko pia suala la nani hasa aliyeandika. Kila mtu aliyefanya kazi katika ofisi za halmashauri anajua kwamba makala nyingi huandikwa na afisa habari na kutiwa sahihi na mkubwa. Wengine huona hili ni jambo dogo, kwani hata hotuba za viongozi huandikwa na wasaidizi. Hotuba ni tofauti. Kiongozi husimama nayo mbele ya watu, na wakimuuliza atajibu kwa kinywa chake. Makala ya maoni inadai kuwa fikra za mtu. Kijana wa ofisini anapoajiriwa kufikiri kwa niaba ya mkubwa, mkubwa hajifunzi kitu kwa kuandika, na kijana anajifunza kusema asiyoyaamini. Hasara ni mbili kwa malipo ya mshahara mmoja.

Na kuhusu malipo. Ubepari umetupatia mfano ulio wazi mno. Boris Johnson alipokuwa meya wa London, kati ya mwaka 2008 na 2016, aliandika safu ya kila wiki katika Daily Telegraph, na kwa kazi hiyo alilipwa pauni 250,000 kwa mwaka, zaidi ya mshahara wake wa umeya. Alipoulizwa mwaka 2009 alizidharau fedha hizo, akasema ni kama malisho ya kuku. Wafanyakazi wanaofagia barabara za mji wake waliweza kupiga hesabu zao wenyewe juu ya kuku hao. Lakini fedha si upande mbaya kuliko wote. Februari 2016, kabla ya kutangaza msimamo wake juu ya kura ya Uingereza kutoka katika Umoja wa Ulaya, mtu huyu aliandika makala mbili: moja ya kutaka nchi itoke, nyingine ya kutaka ibaki. Ya kwanza ilichapwa. Ya pili ilijulikana Oktoba mwaka huo, baada ya kura kupigwa. Watetezi wake walisema kwamba alikuwa akizipima hoja, na mwandishi makini hupima hoja. Sawa, lakini aliyezipima alikuwa mtumishi wa umma, hoja zenyewe zilihusu maisha ya mamilioni, na wasomaji walionyeshwa upande mmoja tu wa mizani. Safu ya maoni hapo haikuwa mahali pa kumfikirisha msomaji. Ilikuwa ngazi ya mwandishi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kulijibu suala la malipo kabla halijatufikia, kwa sharti lake kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar Februari 1991, na tangu mwaka 1995 tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Hata tukiacha mjadala wa mwaka 1991 mahali pake, mantiki ya sharti lile haijazeeka. Anayelipwa na umma ili ajue mambo ya umma hawezi kuyauza mambo hayo kwa mwenye gazeti. Wilayani kwetu hali huwa kinyume na ya London: gazeti ni maskini na kiongozi ndiye mwenye fungu, kwa hiyo fedha hutoka ofisini kwenda gazetini kwa jina la «ushirikiano wa habari». Njia ya fedha imegeuka, na kosa ni lilelile, ila hapa anayelipia sifa za kiongozi ni mlipa kodi.

Isieleweke kwamba tunadai zamani kulikuwa na pepo. Februari 1970, katika kuadhimisha miaka mitatu ya Azimio, serikali ililichukua gazeti la The Standard, na Rais mwenyewe akawa Mhariri Mkuu. Mwalimu aliandika siku hiyo kwamba gazeti litaunga mkono sera za nchi, lakini litakuwa huru kukosoa matendo ya kiongozi yeyote na kuyatangaza mapungufu. Hiyo ilikuwa ahadi nzito, na katika vita dhidi ya warasimu wa mashirika ilitumika. Hata hivyo mwaka uliofuata mhariri mtendaji, Frene Ginwala, aliondolewa baada ya gazeti kuushambulia utawala wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti. Mpaka ulikuwapo, na aliyeuchora ndiye aliyekuwa Mhariri Mkuu. Kuba nako, Fidel Castro alipoanza kuandika tafakuri zake mwaka 2007 akiwa mgonjwa, magazeti yalizichapa zote, ndefu na fupi. Nyingine zilikuwa na kina kikubwa, lakini hatukupata kuona ukurasa uleule ukibeba jibu la mfanyakazi wa kiwanda cha sukari. Ujamaa peke yake haumponyi kiongozi na ugonjwa wa kusema bila kujibiwa. Unamwondolea kisingizio tu.

Hapa kwetu, makala muhimu kuliko zote zilizoandikwa na kiongozi wa umma katika miaka ya karibuni ni ile ya Rais Samia Suluhu Hassan ya tarehe 1 Julai 2022, siku ya miaka 30 ya kurejea kwa vyama vingi. Tuipime kwa kipimo kilekile tulichowapimia wakuu wa wilaya, maana kipimo kinachoishia wilayani ni unafiki. Makala ile ilieleza falsafa ya maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya. Ilichapwa kwa jina la mwandishi wake, ikasema mambo yanayoweza kuthibitika au kukanushwa, na ikafuatwa na vitendo: Januari 2023 zuio la mikutano ya hadhara ya vyama, lililokuwapo tangu mwaka 2016, liliondolewa. Kwa hesabu ya wakati ule, kama andiko, ilishinda makala mia za shukrani. Iliwapa wananchi, pamoja na wapinzani wetu, maneno ya kushika.

Na maneno yakishashikwa hayaachiwi kwa sababu hali imebadilika. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatana na ghasia, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa, na Novemba tume ya uchunguzi ikaundwa. Wako makada wanaosema kwamba kuitaja makala ya mwaka 2022 baada ya hapo ni kumshambulia Rais. Sisi tunaona kinyume chake. Mtu anayeirudia makala ile leo, akaiweka mezani neno kwa neno na kuuliza ustahimilivu umefika wapi, ndiye aliyeichukua kwa uzito kama ilivyoandikwa. Aliyeipigia makofi mwaka 2022 na sasa anaona haya kuinukuu, hakuisoma hata siku ile. Zaidi ya hayo, intaneti ilipozimwa, magazeti ya mtandaoni ya wilayani yalikatika kwa sehemu kubwa kutoka kwa wasomaji wake, pamoja na safu zote za viongozi zilizokuwa zimejazwa humo. Saa ambayo mwananchi alihitaji sana kumsikia mkuu wake wa wilaya akieleza kwa jina lake nini kinatokea mtaani, safu ile haikuwapo. Ilikuwapo siku ya madawati.

Tunarudi kwa mhariri wa wilayani, maana kwake ndiko mambo yanakoweza kuanza kubadilika bila kungoja sheria mpya. Anaweza kuitaka kila makala ya kiongozi itaje cheo chake juu, penye jina, na si chini kwa herufi ndogo. Anaweza kukataa makala isiyozungumzia uamuzi ambao mwandishi anahusika nao moja kwa moja. Mkurugenzi aeleze kwa nini soko limehamishwa, si umuhimu wa uzalendo. Anaweza kutangaza kwamba ukurasa uleule, wiki inayofuata, ni wa majibu, na kwamba majibu yanaweza kuletwa bila jina kuchapwa pale ambapo mwandishi ana sababu ya kuogopa. Peke yake hataweza. Akisimama na wenzake wa mkoa mzima, na tawi la Chama likisimama nyuma yake badala ya kumpigia simu ya vitisho, ataweza.

Vyuo na matawi yana kazi yao pia. Kila mwezi wa Aprili ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa Bungeni, na ndani yake mna halmashauri moja moja, hoja moja moja, kiasi kwa kiasi. Darasa la itikadi linaweza kuchukua ripoti hiyo kwa halmashauri yake, likachukua na makala zote alizoandika mkurugenzi au mkuu wa wilaya katika mwaka huohuo, likaziweka sambamba. Iko hoja ya ukaguzi juu ya zahanati ya kijiji fulani. Je, imetajwa katika makala? Kama imetajwa, imetajwa kwa jina la nani aliyetia sahihi malipo, au imekwenda katika shimo la changamoto? Wanafunzi waandike walichokiona, ukurasa mmoja, na waupeleke kwa mhariri yuleyule aliyezichapa makala zile.